Theluji au barafu?

Magazeti yetu huandika "maporomoko ya theluji" kwa kila kinachoanguka mlimani. Theluji ni ile laini ishukayo kutoka mawinguni. Barafu ni ngumu, imeshikamana, na ikimeguka haingoji majira ya baridi. Tarehe 30 Agosti 1965, kiangazi kabisa, sehemu ya chini ya mto wa barafu wa Allalin, Uswisi, iliporomokea kambi ya wajenzi wa bwawa la Mattmark. Walikufa watu 88. Kambi yenyewe ilikuwa imejengwa papo hapo chini yake!

Wataalamu hawachanganyi haya mawili. Kwenye theluji huchunguza hali ya hewa na tabaka zake; kwenye barafu hutazama zaidi mwendo. Rada na kamera hupima kasi, na ikizidi siku hadi siku, watu huhamishwa. Ndivyo walivyohamishwa wakazi wapatao 300 wa Blatten, Uswisi, siku kadhaa kabla mto wa barafu wa Birch haujaanguka pamoja na miamba, Mei 28, 2025, na kukifukia karibu kijiji chote.

(Kichekesho: "barafu" asili yake ni barf ya Kiajemi, maana yake theluji.) Barafu ikianguka, mimi naandika "maporomoko ya barafu"; "banguko", neno jingine la maporomoko, nawaachia wanaolipenda.