Kicheko cha Walowezi: Lucky Luke na Msafara wa Uasin Gishu

Filamu ya katuni Tous à l'Ouest, iliyoongozwa na Olivier Jean-Marie na kutolewa nchini Ufaransa mwaka 2007, ina chimbuko lake katika La Caravane, kitabu cha Morris na Goscinny cha mwaka 1964. Kauboi Lucky Luke anauongoza msafara wa walowezi hadi California. Wana siku 80 tu. Wakichelewa, ardhi waliyoinunua itawapotea. Ndugu wa Dalton, tapeli wa ardhi, ugumu wa njia: vyote vinageuzwa kuwa kichekesho. Swali ambalo kicheko hicho hakilipi nafasi ni moja. Kabla ya tapeli kuiuza, ardhi ile ilikuwa ya nani?

Kwa msomaji wa Kapseret, swali hilo si la nadharia. Uwanda wa Uasin Gishu nao una msafara wake. Mwaka 1908 familia zipatazo 47 za Makaburu, chini ya Jansen van Rensburg, zilifika Mombasa kwa meli, zikapanda reli hadi Nakuru, kisha zikayapandisha magari ya maksai kupitia misitu na matope hadi uwandani, mwezi Oktoba. Masimulizi ya safari hiyo yanafuata muundo ule ule wa kauboi: nyika tupu, kiongozi shupavu, maksai waliokwama, na mwishowe nyasi zisizo na mwenyewe.

Utupu huo ulitengenezwa. Mwaka 1903 Uingereza ilikuwa imekwisha kuwapendekezea Wazayuni eneo hilo hilo. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei aliuawa alipokutana na Richard Meinertzhagen katika kilichoitwa mazungumzo ya amani. Kampeni ya kijeshi iliyofuata ikawafungia Wanandi katika hifadhi. Jukwaa lilifagiwa kwanza, ndipo wahusika wakaingia.

Mji wenyewe una ngano yake ya kuchekesha. Husimuliwa kuwa sefu ya benki ilianguka kutoka garini na, kwa kuwa haikuinulika, kuta za benki zikajengwa kuizunguka. Kama ni kweli au si kweli si hoja (sefu ilikuwa nzito, ushahidi ni mwepesi). Hoja ni kazi ya ngano hiyo: ardhi iliyotwaliwa kwa bunduki inakumbukwa kwa sefu iliyoanguka.

Lakini kuna mahali ambapo historia inaukataa utanzu huu. Lucky Luke habaki. Kwa kawaida ya visa vyake huondoka peke yake jua likitua, juu ya farasi wake Jolly Jumper, na kwa kuondoka huko anajitakasa: hakutwaa hata shamba moja. Wenzi wa van Rensburg walibaki. Sheria ya ardhi ya 1915 iliruhusu ukodishaji wa miaka 999, na wengi wao waliondoka tu uhuru wa 1963 ulipokaribia au kuwadia. Kichekesho kinahitaji machweo. Hati ya shamba haina machweo.

Mji ulichipuka kwenye shamba nambari 64, na mwanzoni walowezi waliuita kwa nambari hiyo. Wakalenjin waliitwaa tarakimu ile ya Kiingereza wakaitamka kwa ulimi wao: Sisibo. Jina la Eldoret, lenye asili ya Kimaasai, likathibitishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1912. Sisibo likabaki vinywani, nje ya ramani ya mpimaji.