Kusinzia Kichwa: Historia ya Istilahi Moja ya Maradhi ya Ubongo

Istilahi nyingi za tiba tulizo nazo zilitungwa mezani. Chache zilitoka vinywani mwa wazazi waliokuwa wakiwatazama watoto wao. Kusinzia kichwa ni mojawapo, na katika makala haya tunakusudia kuieleza historia yake kabla haijafutwa na tafsiri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Wagonjwa walikuwa wengi mno, na wengi wao walikuwa na makovu ya moto. Mgonjwa alipoangukia mekoni, waliokuwapo waliogopa kumgusa, kwani iliaminika kwamba mate na pumzi yake huambukiza. Hata chakula alikula peke yake. Daktari aliwapa dawa, hasa fenobabitoni ambayo ni ya bei nafuu, akawafuatilia kwa miaka. Na mwaka 1965 alichapisha habari za uchunguzi wake.

Linalotuhusu sisi wa istilahi ni kwamba daktari huyo alisikiliza. Neno kifafa, ambalo limo katika kamusi sanifu ya 1939, humletea msikilizaji picha ya mtu aliyelala chini, viungo vimekakamaa, povu mdomoni. Lakini huko Mahenge walikuwapo watoto wasioanguka. Kichwa huinama ghafla, huinuka, huinama tena na tena, kisha mtoto huendelea na shughuli yake. Wenyeji walisema: amesinzia kichwa. Baadhi ya watoto hao walipatwa baadaye na kifafa cha kuanguka. Kwa maneno mengine, wanavijiji walikwisha kutenga aina ya maradhi ambayo vitabu vya tiba havikuwa nayo.

Vitabu vilichelewa sana. Uchunguzi wa kina wa wagonjwa 62 wa Mahenge ulichapishwa mwaka 2008, ukiwagawa wale wanaosinzia kichwa tu na wale wenye kifafa cha namna nyingine pamoja nacho. Wakati huo maradhi kama hayo yalikuwa yakiwaangamiza watoto wa Sudani Kusini na wa kaskazini ya Uganda, na mwaka 2012 wataalamu walikutana Kampala kuafikiana juu ya fasili yake. Jina la Kiingereza likaenea ulimwenguni. Baadaye likaturudia katika taarifa za Kiswahili kwa sura ya ugonjwa wa kutikisa kichwa, kana kwamba lugha yetu haikuwa na neno!

Tafsiri hiyo hatuikubali. Atikisaye kichwa ana nia: anakataa, anasikitika, au anaitikia. Mtoto huyu hana nia yoyote. Vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa Uganda vilionyesha kwamba misuli ya shingo hulegea kwa nukta chache na kichwa kikaanguka chenyewe. Mwalimu anayeambiwa kuwa mwanafunzi wake anatikisa kichwa anaweza kumwadhibu kwa utovu wa adabu.

Mwenzetu mmoja ofisini alipinga, akisema kwamba asinziaye ana usingizi, na mtoto huyu hana. Hoja yake ina uzito. Hata hivyo wenyeji hawakusema mtoto amesinzia. Walisema amesinzia kichwa. Kinachosinzia ni kichwa, mwenyewe yu macho, pengine tonge li mkononi, maana mara nyingi hali hiyo huanza mtoto anapoletewa chakula. Kwa hiyo tumependekeza kifafa cha kusinzia kichwa, ili tabibu ajue mara moja kwamba dawa za kifafa zinahusika.

Limebaki neno usubi. Mahenge ni eneo la ugonjwa wa usubi, na uchunguzi wa 2017 ulikuta kifafa kwa watu 3.5 katika kila 100 vijijini, dhidi ya 1.5 karibu na mji. Uhusiano upo, lakini namna unavyofanya kazi haijathibitika. Katika wagonjwa wa 2008 mnyoo haukuonekana ndani ya maji ya uti wa mgongo. Sasa mtu akiandika kwamba usubi huleta kifafa, anamtaja mdudu aumaye, au maradhi? Tumeshauri usubi libaki kwa mdudu, na maradhi yaitwe ugonjwa wa usubi. Mnyoo wenyewe bado hauna kadi katika faili letu.