Shahidi au Mfiadini: Kusoma Habari za Buta Ukiwa Musaga



Neno "shahidi" huenda ulilisikia mahakamani kabla ya kulisikia kanisani. Shahidi ni mtu aliyeliona jambo, naye akasimama kulieleza. Mzizi wake ni wa Kiarabu, na kama lilivyo neno la Kigiriki walilolitumia Wakristo wa kwanza, linaunganisha kutoa ushahidi na kufa kwa ajili ya imani. Wakatoliki wa Afrika Mashariki wana neno lao jingine, "mfiadini", yaani mtu aliyeifia dini. Ndilo litumikalo kwa Wafiadini wa Uganda, ambao 22 kati yao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Unaposoma vitabu vya Kanisa, usiyapite maneno haya kana kwamba ni pacha. Hapa Burundi tofauti yake imezua swali zito.

Barabara ya taifa namba 7 hupita Musaga, ikapanda milimani kuelekea Ijenda na Matana. Ukizidi kusonga kusini utafika Bururi, na karibu yake Buta, penye seminari ndogo ya Kikatoliki. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliwavamia wanafunzi bwenini. Wakawaamuru watengane, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Waliuawa 40, wa makabila yote mawili, nao wamezikwa hapo hapo Buta.

Gambera wao, Padri Zacharie Bukuru, alinusurika, kisha akaandika kitabu juu yao kwa Kifaransa. Ukipate ukisome, lakini ukisome kwa macho mawili. Yeye ni shahidi kwa maana ile ya mahakamani: aliwajua vijana wale, aliwalea, aliwazika. Hilo ndilo linalokipa kitabu chake uzito ambao mwanahistoria wa mbali hawezi kuupata. Lakini mlezi anayewaombolezea wanawe si mwandishi asiye na upande, wala hatupaswi kumdai hivyo. Habari za waasi wenyewe, na za vita vilivyoanza baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993, utazitafuta kwingine.

Sasa lile swali. Kwa mapokeo ya Kanisa, mfiadini ni yule aliyeuawa kwa sababu wauaji waliichukia imani yake. Waasi wa Buta hawakuwauliza vijana kama wanamwamini Kristo, waliwauliza kabila. Je, hao ni wafiadini? Hapa kitabu cha historia hakikutoshi, wala cha wasifu. Yakubidi ufungue cha mafundisho. Thomas wa Akwino alikwisha kulijadili jambo hili katika karne ya 13. Alimtaja Yohane Mbatizaji, ambaye hakuuawa kwa kukataa kuikana imani, bali kwa kumkemea Herode aliyemtwaa mke wa nduguye. Kwa Thomas, tendo lolote la wema likitendwa kwa ajili ya Mungu laweza kuwa sababu ya ufiadini. Mimi naona hoja hiyo inawafaa vijana wa Buta kuliko sifa nyingi wanazomiminiwa kila mwaka.

Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Katika orodha ile vijana wa Buta hawakuwekwa peke yao. Yumo Padri Michel Kayoya, mwandishi wa *Sur les traces de mon père*, Mhutu aliyeuawa Gitega mwezi Mei 1972, wakati utawala wa siku zile ulipowaangamiza Wahutu wasomi kwa maelfu. Wamo pia mapadri wawili Waksaveri, Ottorino Maule na Aldo Marchiol, pamoja na mlei Catina Gubert, waliouawa Buyengero mwaka 1995.

Tazama orodha hiyo inavyomlazimisha msomaji. Katika miaka ya 1990 mitaa ya Bujumbura iligawanyika: Kamenge ikabaki ya Wahutu, Musaga ikawa ya Watutsi. Mtaa mmoja ulihesabu wafu wa 1972, mwingine ukahesabu wa 1993 na baada yake, na ilikuwa rahisi mtu kukua akiijua hesabu moja tu. Anayesoma habari za Buta bila za Kayoya ameshika nusu ya kitabu. Na anayemsoma Kayoya bila Buta, vivyo hivyo.

Kwa hiyo zoezi la juma hili ni hili. Andika aya mbili juu ya Kayoya na aya mbili juu ya vijana wa Buta. Katika aya za kwanza tumia "shahidi", katika za pili "mfiadini". Kisha yabadilishe maneno hayo mahali, usome kwa sauti, na ueleze ni sentensi zipi zimekataa.