Kiratibu, Wala si Mtayarishaji

Katika nyumba nyingi za Uingereza, joto la vyumba na maji ya kuogea hutokana na boila moja, na saa za kuwaka na kuzimika kwake huamuliwa na kisanduku kidogo cha ukutani, ambacho Waingereza hukiita kwa neno lile lile wanalomwita nalo mtu anayeandika programu za kompyuta. Kufanana huko kwa majina kumewaponza wafasiri, hata kisanduku hicho kikaitwa kwa Kiswahili "mtayarishaji programu". Kosa hili si la kupuuzwa, maana ngeli ya kwanza ni ya watu na wanyama: mwenye kulikubali jina hilo atalazimika kumwelekeza fundi azime umeme, amfungue mtayarishaji, amchomoe ukutani na kumtupa, maneno ambayo yakisikiwa na polisi yatahitaji maelezo.

Wapo waliojaribu kuikwepa aibu hiyo kwa "kipimamuda", lakini kupima ni kueleza kilichopo, kama kipimajoto kifanyavyo, ilhali kisanduku hiki hakielezi bali huamuru. Ama "kiprogramu", hilo ni jina la waliokwisha kuchoka kabla ya kuanza kazi.

Neno linalostahili ni kiratibu. Asili ya kitenzi ratibu ni mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti r, t na b, unaobeba maana ya kupanga mambo kwa daraja na kwa mfuatano, na ambao umekipa Kiswahili ratiba, taratibu, utaratibu na mratibu; wala usichanganywe na mzizi wa rutuba, ambao t yake kwa Kiarabu ni ile nzito na maana yake ya awali ni unyevu, ingawa wapo watungaji wa istilahi ambao hadi leo hawajaambiwa. Kwenye mwambao neno hilo lina sura nyingine ya kale: ratibu ni nyiradi zisomwazo kwa wakati maalumu, kama ile ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1720, ambayo kwa desturi husomwa baada ya sala ya isha. Wazo la jambo lirudilo kila siku kwa saa yake, ambalo ndilo kazi yote ya kisanduku, limo basi ndani ya neno, ilhali programu, kwa asili yake ya Kigiriki, ni tangazo tu la kuandikwa hadharani. Kimofolojia nako hakuna la kubishaniwa, kwa kuwa dhibiti ilizaa mdhibiti na kidhibiti, na ratibu, iliyokwisha kumzaa mratibu, haina sababu ya kunyimwa mtoto wa pili. Wanaolalamika kwamba ki- italidunisha neno hawajasikika wakikitetea kisu wala kiti.

Ubora wa jina huonekana zaidi kifuniko kinapofunguliwa. Viratibu vingi vya Uingereza hukaa juu ya bamba la nyuma lenye mpangilio mmoja wa skrubu za kufungia waya: N ya nyutro, L ya waya wa moto wa volti 230, 1 ya maji yakizimwa, 2 ya joto la vyumba likizimwa, 3 ya maji yakiwashwa na 4 ya joto likiwashwa. Bamba la zamani likiwa la aina hiyo, fundi huweza kubadilisha kiratibu bila kugusa waya hata mmoja. Namba 1 ndiyo yenye fundisho, kwani haikai kimya maji yanapozimwa, bali hapo ndipo hupata umeme. Katika mfumo wa Y, wenye vali moja ya njia 3, umeme huo hupita katika waya wa kijivu na kuiamuru vali iifunge njia ya tanki la maji ya moto. Fundi aliyezoea mfumo wa S, ambao una vali 2 na hauitumii namba 1, akiuacha waya huo bila kuufunga, vali itasimama katikati kila joto la vyumba linapoitishwa, na tanki litapata moto huku kioo cha kiratibu kikionyesha kwamba maji yamezimwa. Kifaa ambacho hata kuzima kwake ni amri yenye waya wake hakiwezi kuitwa kipimo.

Kamati zidhanizo kwamba istilahi za joto ni anasa kwa lugha ya nchi zenye jua husahau kwamba Waswahili wako London pia, na kwamba bili ya gesi haiulizi asili ya mtu. Kwa matumizi, husemwa kiratibu cha joto, viratibu viwili, kiratibu kimekufa. Umeme uzimwe kwanza na waya zipimwe kwa tesa kabla ya kuguswa. Jina hilo hilo latosha pia kwa kifaa kinachowasha pampu ya kisima au taa za uani kwa saa iliyopangwa, mahali ambapo boila haijapata kuonekana.