Jiwe Halichomwi Kabla ya Kupimwa

Kwetu Kakanda, nchini Kongo, mtoto hujua mawe kabla ya herufi. La kijani ni shaba. Jeusi linaloacha masizi kiganjani ni kobalti. Marehemu baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kuchuja madini cha kampuni ya Gécamines, alizoea kusema jiwe halichomwi kabla ya kupimwa, maana kila jiwe lina moto wake. Mimi nikawa muuguzi, na maneno yake nikayakuta wodini.

Mwaka 2011 mama mkubwa alinishika mkono akauweka ubavuni mwa titi lake. "Kajiwe tu," akasema, "hakaumi." Huko kutouma ndiko kulikokuwa kumemkalisha nyumbani karibu mwaka mzima.

Zamani hata madaktari waliona mawe yote ya titi kuwa jiwe moja, na dawa yake kisu. Mwaka 1894 William Halsted wa Baltimore alitangaza upasuaji wake: anaondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapa. Wanawake wengi walibaki na mkono uliovimba maisha yao yote.

Hapo ndipo udongo wetu unapoingia katika habari hii. Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga, kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba madini yenye urani mwaka 1921. Mwaka uliofuata kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikaanza kutoa ndani yake radiamu, madini yanayotoa mionzi. Marekani gramu moja ya radiamu ilikuwa imefika dola 100,000. Mawe ya Katanga yakaiangusha bei hiyo, na kwa miaka kadhaa Ubelgiji ikalishika soko la dunia. Katika miaka hiyohiyo ya 1920, kwenye hospitali ya St Bartholomew's, London, Geoffrey Keynes alianza kuchomeka sindano za radiamu ndani ya titi ili asilikate lote. Mabingwa wengi wa kisu walimbeza. Ilipofika 1985, majaribio ya Bernard Fisher huko Marekani yalionyesha kwamba kuondoa uvimbe peke yake kisha kupiga mionzi hakupunguzi maisha ya mgonjwa.

Radiamu ilikuwa imekwisha kupata mrithi. Mwaka 1951 Kanada iliwasha mashine za kwanza za kobalti 60, yaani kobalti iliyokaa ndani ya kinu cha nyuklia hadi ikatoa mionzi yenyewe. Wakati huo hakuna nchi iliyoishinda Kongo kwa kobalti.

Lakini moto ni nusu ya kazi, kuna kupima. Mwaka 1895 George Beatson wa Glasgow aliondoa ovari za mgonjwa, uvimbe wa titi ukanywea. Leo tunajua sababu: saratani nyingi za titi zina vipokezi vya homoni, na homoni ndiyo chakula chake. Hizo hupewa vidonge kama tamoksifeni, kwa miaka mitano au zaidi. Nyingine zimejaa protini ya HER2. Hizo zilipata dawa yake, trastuzumabu, mwaka 1998. Za tatu hazina vipokezi vya homoni wala wingi wa HER2. Hukua upesi, huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na tegemeo lake kubwa ni dripu za kemo, mara nyingi kabla ya kisu.

Ya mama mkubwa ilikuwa hiyo ya tatu. Baada ya dripu na upasuaji tulivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta mionzi. Alipolala chini ya mashine alimuuliza fundi ndani mna nini. "Kobalti," nikamtafsiria. Akanigeukia akicheka: "Njo ile ya kwetu?"

Aliishi miaka mitatu tena. Siku hizi mwanamke akiniambia kajiwe kake hakaumi, simtishi wala simtulizi. Namwambia avae viatu, tukapime.