Makubadhi ndani ya begi la Pemba

Wadau, kesho asubuhi napanda boti bandari ya Malindi kwenda Mkoani, Pemba. Begi limejaa: kanzu, kofia, sweta la upepo wa baharini, ndala za kushukia. Makubadhi ndiyo yamegoma kuingia. Nikataka kuyaacha, halafu nikakumbuka historia.

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikanusurika zaidi. Mashamba yakapanuka huko, watumwa wakazidi kuvushwa. Hao hawakufungasha begi. Walivaa merikani au kaniki, na desturi iliwakataza kuvaa viatu na kofia mbele ya bwana.

Tarehe 6 Aprili 1897 ikatoka amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, lakini mtumwa ilibidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Waliokuwa huru wakaonyesha kwa mavazi: wanaume kanzu na kofia, wanawake kanga za rangi. Kaniki wakaipa kisogo.

Sisi tunasema "viatu tu hivyo". Jamani! Makubadhi nimeyabeba mkononi. Tukijaaliwa, tuonane Mkoani.