Kurudia Mtihani wa SAT na Kuchagua Alama za Kutuma Vyuoni: Mambo ya Kuzingatia

Mwanafunzi anayehitimu kidato cha sita nchini Tanzania halazimiki kuamua ni alama zipi za mtihani wake zifike chuoni. Matokeo hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), nayo husomwa kama yalivyo. Hali ni tofauti kwa anayeomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko mtahiniwa anaruhusiwa kurudia mtihani wa SAT na, kwa vyuo vingi, kuchagua matokeo yatakayotumwa. Uhuru huo una manufaa, lakini asiyefahamu masharti ya kila chuo anaweza kupoteza fedha au kukiuka taratibu za udahili bila kukusudia.

Mtihani wenyewe

SAT ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1926 na husimamiwa na taasisi ya College Board. Ina sehemu mbili, yaani Kusoma na Kuandika pamoja na Hisabati. Kila sehemu hutolewa alama kati ya 200 na 800, hivyo alama ya juu kabisa ni 1600. Tangu Machi 2023, watahiniwa walio nje ya Marekani huufanya kwa kompyuta kwa muda wa saa 2 na dakika 14.

Wakati wa kurudia

College Board hushauri mtahiniwa afanye mtihani huo angalau mara mbili. Hata hivyo, kurudia bila maandalizi mapya hakuna tija. Alama zinaweza kupanda au kushuka kidogo pasipo uwezo wa mtahiniwa kubadilika, ndiyo maana ripoti ya matokeo huonyesha pia kiwango ambacho alama zake zingeweza kuangukia. Anayepaswa kurudia ni yule aliyebaini udhaifu wake, akapata muda wa kuurekebisha, na ambaye alama zake ziko chini ya zile za wanafunzi wengi waliodahiliwa na chuo anachokitaka. Vyuo vingi hutangaza takwimu hizo kila mwaka.

Gharama nayo ni jambo la kupima. Msamaha wa ada ya SAT hauwahusu raia wa kigeni wanaofanyia mtihani nje ya Marekani, hivyo kila jaribio hulipiwa na familia, pamoja na nauli kwa anayeishi mbali na kituo.

Alama zipi zitumwe

Tangu mwaka 2009, utaratibu uitwao Score Choice humwezesha mtahiniwa kuchagua matokeo ya tarehe moja na kuyaacha ya nyingine. Hawezi, hata hivyo, kutuma Hisabati ya tarehe moja na Kusoma na Kuandika ya tarehe nyingine, kwani matokeo ya siku moja hutumwa yote pamoja.

Vyuo vingi hujumlisha vyenyewe alama ya juu ya kila sehemu. Kwa mfano, aliyepata 640 katika Kusoma na Kuandika na 700 katika Hisabati ana jumla ya 1340. Akirudia na kupata 690 na 670, jumla huwa 1360. Chuo kinachochukua alama ya juu ya kila sehemu kitamhesabia 690 na 700, yaani 1390. Kwa chuo cha aina hiyo, inafaa kutuma matokeo ya tarehe zote mbili.

Masharti hutofautiana. MIT, iliyorejesha sharti la mtihani mwaka 2022, hukubali Score Choice na huzingatia alama ya juu ya kila sehemu. Georgetown kwa miaka mingi imekuwa ikitaka matokeo ya majaribio yote. Chuo Kikuu cha California hakitumii alama hizo kabisa katika uamuzi wa udahili. Score Choice haifuti sharti la chuo: panapotakiwa matokeo yote, mwombaji hana budi kuyatuma yote.

Tahadhari kuhusu ripoti za bure

Mtahiniwa hupewa nafasi ya kutuma ripoti nne bila malipo, mradi ataje vyuo hivyo kabla ya kupita siku tisa baada ya mtihani. Wakati huo matokeo huwa bado hayajatoka, hivyo anayeitumia nafasi hiyo hutuma alama asizozijua. Aidha, vyuo vingi humruhusu mwombaji kujaza alama zake mwenyewe kwenye fomu, na ripoti rasmi hudaiwa baada ya kudahiliwa. Anayezingatia hilo huokoa fedha.

Kabla ya kulipia jaribio jingine, mwombaji aorodheshe vyuo vyake, asome masharti ya kila kimoja na kuhakikisha matokeo yatawahi tarehe ya mwisho, ambayo kwa vyuo vingi ni Novemba au mapema Januari. Ushauri hutolewa bila malipo na EducationUSA, mtandao wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.